Sura ya Sita: Mwalimu wa Same na Hesabu za Darasa la Nane

Kati ya mwaka 1969 na 1976, chini ya milima ya Upare, Sekondari ya Same ilikuwa na mwalimu wa hisabati aliyezaliwa Harlem, New York. Jina lake Robert Moses. Kwao walimwita Bob. Alipoitwa jeshini wakati wa vita vya Vietnam alikataa, akakimbilia Kanada, kisha yeye na mkewe Janet wakaja Tanzania, nchi iliyokuwa imetoka tu kulitangaza Azimio la Arusha. Watatu kati ya watoto wao wanne wanaitwa Maisha, Tabasamu na Malaika, na msomaji wa kitabu hiki hahitaji kuelezwa majina hayo yaliokotwa wapi.

Kabla ya Same, Moses alikuwa na historia nyingine. Mwaka 1961 aliacha kufundisha hisabati katika shule ya binafsi jijini New York akaenda Mississippi kuwaandikisha Weusi katika daftari la wapiga kura, chini ya umoja wa vijana uliojulikana kwa kifupi SNCC. Alipigwa, akawekwa ndani, akawapoteza wenzake. Sheria ya jimbo lile ilimtaka anayejiandikisha asome kifungu cha katiba ya jimbo na kukifafanua, na aliyesahihisha ufafanuzi huo alikuwa karani Mzungu. Mwaka 1963, mahakamani, jaji wa shirikisho alimuuliza kwa nini anawapeleka kujiandikisha watu wasiojua kusoma. Moses alijibu kwa hoja moja: nchi haiwezi kuwanyima watu shule vizazi kwa vizazi, kisha iwanyime na kura kwa sababu hawakusoma.

Hoja hiyo ndiyo aliyoihamishia kwenye hisabati miaka ishirini baadaye. Nayo ndiyo inayonifanya nimweke yeye mbele ya sura hii, mbele ya mawaziri na kamati za mitaala, kwa sababu katika suala la nani asome aljebra na nani asiisome, wengi wa waliokuja baada yake walibishana juu ya ratiba. Yeye aliuliza mambo mawili magumu zaidi: nani anaamua, na ndani ya chumba kunafanyika nini.

Moses alirudi Marekani mwaka 1976 kumalizia masomo ya uzamivu ya falsafa Harvard. Mwaka 1982 Maisha, binti yake mkubwa, aliingia darasa la nane katika shule ya Martin Luther King mjini Cambridge, jimbo la Massachusetts. Darasa la nane pale hawakusoma aljebra. Baba alikuwa akimfundisha nyumbani, na binti akagoma: hakutaka kufanya hesabu mbili, ya shule na ya baba. Mzazi aliyewahi kumkalisha mtoto mezani na daftari baada ya chakula cha usiku anaujua mgomo huo vizuri. Mwalimu wa darasa akaleta suluhu, kwamba baba aje amfundishe palepale shuleni. Moses akaja, na mwishowe akawa anafundisha watoto wanne. Walifanya mtihani wa aljebra wa mji mzima wakafaulu, wa kwanza kufanya hivyo kutoka katika programu waliyosomea shuleni hapo. Mwaka huohuo alipewa ruzuku ya MacArthur, fedha ambazo mpokeaji hapangiwi matumizi, akazitumia kuanzisha Mradi wa Aljebra.

Kwa nini darasa la nane? Kwa msomaji wa Dodoma au Kisumu hili halieleweki mpaka ajue jinsi Marekani inavyoikata hisabati. Kwetu ni somo moja: aljebra, jiometri na takwimu zinakwenda pamoja tangu mwanzo wa sekondari hadi mwisho wake. Kule kila kipande ni kozi ya mwaka mzima, na huruhusiwi kuruka: Aljebra ya Kwanza, Jiometri, Aljebra ya Pili, maandalizi ya kalkulasi, halafu Kalkulasi. Sekondari ya juu inaanza darasa la tisa na kuishia la kumi na mbili. Kozi tano, miaka minne. Anayeanza aljebra darasa la nane anaifikia kalkulasi kabla ya kumaliza shule. Anayeanza la tisa haifikii, isipokuwa abane kozi mbili ndani ya mwaka mmoja au asome likizo. Vyuo vikuu vyenye ushindani hupenda kuiona kalkulasi kwenye matokeo ya mwombaji, hasa anayetaka uhandisi au sayansi.

Kwa hiyo uamuzi unaofanywa juu ya mtoto wa miaka kumi na miwili, mara nyingi na mwalimu anayejaza fomu ya mapendekezo, unamfuata mpaka siku anapoomba chuo. Na kwa miongo mingi fomu hizo zilijazwa kwa mwelekeo uleule. Watoto wa Kizungu na wa wazazi wenye uwezo walipelekwa aljebra mapema. Weusi, Walatino na maskini waliachwa na hesabu za kurudiarudia, hata pale alama zao zilipolingana na za wenzao. Shule nyingine hazikuwa na kozi yenyewe. Moses alilinganisha hali hii waziwazi na Mississippi. Katika uchumi wa mashamba, asiyejua kusoma alibaki kibarua. Katika uchumi wa kompyuta, alisema, asiyejua aljebra anaandaliwa ukibarua wa aina mpya. Aliita hisabati haki ya kiraia, na mwaka 2001 alichapisha kitabu juu ya jambo hilo pamoja na Charles Cobb, mwenzake wa siku za Mississippi.

Katika miaka ya themanini wazazi wa shule ile ya Cambridge walipelekewa maswali machache. Je, kila mtoto wa darasa la saba asome aljebra? Je, mtoto wako asome? Kwenye swali la kwanza baadhi walisita. Walidhani wapo watoto wasioiweza. Kwenye la pili hakusita hata mmoja. Ningependa kila mkuu wa shule anayepanga wanafunzi katika mikondo abandike matokeo hayo ukutani, maana yanaonyesha kuwa mtoto asiyeiweza hesabu, kwa kawaida, ni wa mtu mwingine.

* * *

Sasa tuingie darasani, ambako sera nyingi haziingii.

Moses aligundua jambo kwa kumtazama mvulana mmoja aliyekuwa akikwama palepale kila siku. Mtoto huyu alijua kujumlisha na kutoa. Lakini kila namba aliyoiona aliiuliza swali moja tu: ngapi? Katika hesabu za msingi swali hilo linatosha: machungwa mangapi, shilingi ngapi. Aljebra inaongeza la pili: kuelekea wapi? Tano kwenda mbele na tano kurudi nyuma ni kiasi kimoja chenye maelekezo mawili. Mtoto asiyekuwa na swali la pili kichwani ataikariri kanuni ya hasi mara hasi, ataifaulu Ijumaa, na Jumatatu itakuwa imempiga chenga.

Ili kulipandikiza swali hilo, Moses aliwapakia watoto kwenye treni ya chini ya ardhi, ile inayoitwa Red Line, kutoka Cambridge kwenda katikati ya Boston. Walisafiri kwanza. Waliporudi, kila mmoja alichora safari yake. Kisha wakaisimulia kwa maneno yao ya kawaida, ya mtaani, bila kusahihishwa. Baada ya hapo ndipo mwalimu akawaongoza kuyapunguza maneno hayo hadi yakabaki yanayobeba hisabati: ulianzia wapi, ulikwenda upande gani, vituo vingapi, uliishia wapi. Mwisho kabisa wakatunga alama, na alama za kwanza zilikuwa za kwao wenyewe. Hatua tano: tukio, mchoro, lugha ya watu, lugha iliyopangwa, alama. Kituo kimoja walikifanya sifuri, na mstari wa namba, ambao vitabuni huanguka kutoka mbinguni, ukawa ni njia waliyoipita.

Jaribu na mabasi ya mwendokasi Dar es Salaam. Weka sifuri Magomeni. Upande wa Kivukoni uwe chanya, upande wa Kimara uwe hasi. Abiria aliyepanda Manzese, upande wa hasi, akashukia Fire, upande wa chanya, amesafiri vituo vingapi na kuelekea wapi? Toa namba ya alikoanzia katika namba ya alikoishia. Mtoto akifanya hivyo kwa safari anayoijua, anakuta ametoa namba hasi, na anaona kwa macho yake kwa nini jibu limeongezeka badala ya kupungua. Kutoa kumeacha kuwa kuondoa vitu kwenye kapu. Kumekuwa kulinganisha mahali na mahali. Walimu wetu hupoteza majuma mengi kwenye namba hasi na kanuni za kukariri. Sidai kwamba basi litamaliza tatizo. Nadai tu kwamba kanuni inayokuja baada ya safari ina mahali pa kushikia.

Wazo la kuipunguza lugha ya kawaida taratibu mpaka ifike kwenye alama Moses hakulipata kwenye vitabu vya ualimu. Alilitoa kwa Willard Van Orman Quine, mwanafalsafa wa Harvard, aliyeshikilia kwamba hisabati na mantiki hujengwa kwa kuinyoosha na kuibana lugha ya kila siku. Ni jambo la kufurahisha kwamba falsafa kavu kiasi hicho ilikuja kuwafaa watoto wa darasa la sita.

Pengo kati ya maneno na alama ni pana kuliko walimu wengi wanavyodhani, na ushahidi wake ni wa zamani. Mwishoni mwa miaka ya tisini watafiti wa Marekani waliwapa watoto wa shule za msingi swali hili: 8 + 4 = __ + 5. Wanafunzi wote 145 wa darasa la sita waliolijibu walijaza 12 au 17. Wote. Jibu ni 7. Kwa watoto hao alama ya usawa ilikuwa amri ya kufanya hesabu na kuandika jibu upande wa kulia. Haikuwa tangazo kwamba pande mbili zina thamani moja. Mtoto anayeingia aljebra na tafsiri hiyo anapokutana na 3x + 2 = x + 10 hana pa kuanzia. Hajui hata swali linauliza nini. Mwalimu atamfundisha kuhamisha x upande wa pili na kugeuza alama, naye atahamisha na kugeuza kama anayeswali kwa lugha asiyoijua.

Na si watoto peke yao. John Clement na wenzake waliwapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhandisi sentensi moja: katika chuo hiki wanafunzi ni mara sita ya maprofesa. Andikeni mlinganyo, W iwe idadi ya wanafunzi, P idadi ya maprofesa. Asilimia 37 walikosa, na wengi wa waliokosa waliandika 6W = P, yaani walifuata mpangilio wa maneno ya Kiingereza neno kwa neno na kuifanya herufi iwe kifupisho cha mtu badala ya idadi. Mlinganyo sahihi ni W = 6P. Mpe sentensi hiyo mtu yeyote aliyesoma, wakati mnasubiri chai, utaona.

Ninaieleza mifano hii kwa urefu kwa sababu bila hiyo historia ya sera inayofuata haieleweki. Huonekana kama majimbo na miji ilikuwa na bahati mbaya tu.

* * *

California iliamua kwenda mbio. Mwishoni mwa miaka ya tisini wanafunzi wa darasa la nane waliosoma aljebra jimboni humo walikuwa chini ya mmoja kati ya watano. Kufikia 2013 walikuwa karibu theluthi mbili. Mwaka 2008 bodi ya elimu ya jimbo ilijaribu hata kuifanya aljebra kuwa mtihani pekee wa darasa la nane, na mahakama ikazuia. Thurston Domina na wenzake walipopima matokeo walikuta kwamba wilaya zilizoongeza aljebra ya darasa la nane kwa kasi, hasa zile kubwa, ziliona alama za hisabati za darasa la kumi zikishuka. Charlotte, huko North Carolina, ilikuwa imeonja vilevile miaka ya mwanzo ya 2000: wanafunzi wa uwezo wa kati waliosukumwa kuanza mapema walifanya vibaya kwenye mtihani wa aljebra yenyewe, na athari ikaendelea kwenye kozi za mbele.

San Francisco ikaamua kinyume. Kuanzia 2014 aljebra iliondolewa darasa la nane kwa wote. Kila mtoto angeianza darasa la tisa, bega kwa bega, na mikondo ingekufa. Nia ilikuwa njema, nami nisingethubutu kuicheka. Lakini mzazi mwenye fedha hajawahi kushindwa na ratiba: watoto wake walisoma aljebra kwenye kozi za kulipia, nje ya shule, wakarudi wamekwisha kuivuka. Watafiti wa Stanford walioutathmini mpango huo mwaka 2023 walikuta kwamba waliojiunga na kozi za juu za hisabati walipungua mwanzoni kisha upungufu huo ukafifia, na kwamba tofauti kati ya makundi ya wanafunzi katika kozi hizo haikupungua. Machi 2024 zaidi ya asilimia 80 ya wapiga kura wa jiji walitaka aljebra irudishwe darasa la nane. Bodi ya shule ilikuwa imekwisha kuamua hivyo mwezi mmoja kabla.

Sera mbili zinazopingana, na zote mbili ziliwaangusha watoto walewale. Aliyeharakishwa bila kuandaliwa alifeli mapema; aliyecheleweshwa bila kuandaliwa alifeli baadaye. Hakuna iliyomgusa mtoto anayejaza 12 kwenye ile nafasi iliyoachwa wazi.

Chicago ndiyo iliyonifunza zaidi, kwa kuwa ilijaribu mara mbili na majaribio yote yalifuatiliwa kwa karibu. Mwaka 1997 ilizifuta kozi za hesabu za chini za darasa la tisa na kuamuru kila mwanafunzi aanze na aljebra. Elaine Allensworth na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago walihesabu matokeo: waliosoma aljebra waliongezeka, waliofeli waliongezeka, na alama za mitihani hazikupanda. Kozi ilikuwa imebadilishwa jina kwenye ratiba.

Mwaka 2003 wakaja na la pili. Mwanafunzi aliyekuwa katika nusu ya chini kitaifa kwenye mtihani wa hisabati wa darasa la nane alipangiwa vipindi viwili vya aljebra kila siku badala ya kimoja. Walimu walipewa mafunzo na vifaa vya kipindi cha nyongeza, na kipindi hicho kilitumika kwa kiasi kikubwa kuzungumza, kufanya kazi kwa vikundi na kueleza njia, maana kipindi kimoja cha kawaida humezwa na mazoezi ya ubaoni. Aliyekuwa juu ya mstari kwa alama moja hakupata. Aliyekuwa chini kwa alama moja alipata. Watoto hao wawili walikuwa karibu mapacha kwa uwezo, hivyo mstari ule uliwapa watafiti kipimo safi ambacho huwa adimu katika elimu.

Mwisho wa darasa la tisa mtu mwenye haraka angelifunga jalada. Idadi ya waliofeli aljebra haikushuka kiasi cha kuitisha waandishi wa habari. Lakini Kalena Cortes, Joshua Goodman na Takako Nomi waliendelea kuwafuata watoto wale kwa miaka, na walichochapisha mwaka 2015 ni kingine. Waliopata vipindi viwili walifanya vizuri zaidi katika mtihani wa kuombea vyuo, walimaliza sekondari kwa wingi zaidi, na wengi zaidi walikwenda chuo. Na waliofaidika kuliko wote ni wale waliokuwa dhaifu katika kusoma.

Kusoma! Watu walipigania hesabu, na aliyenufaika zaidi ni mtoto mwenye shida ya lugha. Ukikumbuka treni ya Boston, hili haliwi muujiza. Kipindi cha pili kiliwapa muda wa kukaa katika zile hatua za kati, kati ya maneno na alama, ambazo darasa la dakika arobaini huziruka ili kufika kwenye zoezi. Anayesoma vizuri huziziba mwenyewe nyumbani akiwa na kitabu. Asiyesoma vizuri huachwa nje, kisha huambiwa hana kipaji cha hesabu.

Mpango ule ulikuwa na gharama zake. Kipindi cha pili kilichukua nafasi ya muziki, ya sanaa, ya chochote ambacho mtoto angekichagua. Tena uliwakusanya wanafunzi dhaifu katika vyumba vyao, na mkusanyiko huo una madhara yake. Bado, nikiulizwa fedha chache za elimu ziende wapi, ningezipeleka kwenye muda kabla ya kuzipeleka kwenye vishikwambi. Moses mwenyewe alifika hukohuko. Aliporudi kufundisha Mississippi, katika sekondari ya Lanier mjini Jackson, aliwataka vijana waliotoka chini wakubali kusoma hisabati dakika 90 kila siku, kwa miaka minne yote.

Kuhusu nani anaamua, mfano mzuri ni Dallas. Kuanzia 2019 wilaya hiyo iliacha kungoja mwalimu apendekeze au mzazi aombe. Mtoto anayefikia alama fulani mwishoni mwa shule ya msingi anaingizwa moja kwa moja katika hisabati ya juu, njia inayofika kwenye aljebra darasa la nane. Asiyetaka ndiye anayeandika barua ya kujitoa. Wachache huiandika. Ndani ya miaka michache idadi ya Weusi na Walatino katika aljebra ya darasa la nane ilizidi maradufu, na mwaka 2023 Texas nzima ikapitisha sheria ya kuwaingiza hivyo watoto walio katika asilimia 40 ya juu. Hakuna aliyebadili akili ya mtoto. Walibadili mtu anayetakiwa kusimama na kuomba. Mama anayefanya usafi usiku hajui kwamba kuna fomu. Mama mwanasheria anajua, na anamjua hata anayeipokea.

* * *

Same kwenyewe, na kote Tanzania, Hisabati ni somo la lazima mpaka kidato cha nne, kwa hiyo kwa juu hakuna anayefungiwa nje. Lakini kwa miaka mingi waliofaulu somo hilo katika mtihani wa kidato cha nne wamekuwa kama robo ya watahiniwa au pungufu. Wote wamo chumbani, kama Chicago ya 1997. Na sisi tumeongeza hatua ambayo mtoto wa Chicago hakuwa nayo. Wengi wamesoma namba kwa Kiswahili miaka yote ya msingi. Wanapofika kidato cha kwanza, palepale herufi zinapozidi kuingia mahali pa namba, lugha ya darasa inageuka Kiingereza. Madaraja mawili yanavukwa kwa mguu mmoja. Nimesikia walimu wakilaumiwa kwa kuchanganya lugha darasani, wakieleza kigeu kwa Kiswahili kisha wakiandika ubaoni kwa Kiingereza. Kwa mtazamo wa sura hii, mwalimu huyo anafanya hatua ya tatu na ya nne bila kuambiwa na mtu, na wakaguzi wangemwacha.

Kenya ndiyo iliyo katikati ya swali la mikondo hivi sasa. Mtaala wa umilisi ulipopangwa, hisabati haikuwa ya lazima kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya juu. Walimu, wazazi na wahandisi walipiga kelele, na Aprili 2025 Waziri wa Elimu, Julius Ogamba, akatangaza kwamba itakuwa ya lazima kwa wote, lakini kwa sura mbili: moja nzito kwa wanaoelekea sayansi na teknolojia, nyingine nyepesi kwa wanaoelekea sayansi ya jamii au sanaa na michezo.

Sina ugomvi na kuwepo kwa sura mbili. Msanii hahitaji logi kila siku. Ninachotaka kujua ni kile ambacho tangazo halikusema kwa sauti: mtoto anachagua akiwa darasa la tisa, kwa ushauri wa nani? Aliyechagua nyepesi, akigundua darasa la kumi na moja kwamba anataka uuguzi au ufundi wa umeme, kuna njia ya kuvuka, na nani atamfundisha alichokikosa? Wasichana waliopata alama za juu katika hisabati wamechagua nyepesi mara ngapi zaidi kuliko wavulana wa alama hizohizo? Wa Turkana na Tana River kuliko wa Nairobi?

Hili la mwisho halihitaji tume. Alama za tathmini ya darasa la tisa zipo, machaguo ya wanafunzi yamekwisha kujazwa, na kuyaweka safu kwa safu, kaunti kwa kaunti, ni kazi ambayo mtakwimu wa wizara anaweza kuimaliza kabla ya muhula kuisha.